Kiti cha Katikati

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Kaze aliingia sinema bila kukimbia.

Alipanda ngazi polepole, mkoba begani, koti mkononi, na kila alipofika kwenye kona alishangaa kuona miguu yake bado inataka kwenda mbio. Sinema ya Sangwa, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka pale mjini, haikuwa na namba kwenye viti tangu ilipofunguliwa. Ulinunua tiketi dirishani, ukapanga foleni, na mlango ulipofunguliwa kila mtu alijitafutia. Aliyewahi alikaa katikati. Aliyechelewa alikaa mbele kabisa, na shingo ikamuuma mpaka Jumatatu.

Kaze aliwahi daima. Jumamosi moja ya kila mwezi aliomba kutoka mapema kwenye duka la miwani anakofanya kazi, akafika nusu saa kabla ya filamu ya saa nane mchana. Mlango ulipofunguliwa alikwenda moja kwa moja safu ya nne, akakaa, akatandika koti lake kwenye kiti cha kulia. Watu wakiuliza, alisema, "Poleni, kina mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Ntare. Aliingia peke yake, wa mwisho mwisho, taa zikianza kufifia, akakaa upande wa pili wa koti kama mtu asiyemjua. Akatazama skrini. Akapiga hata miayo. Taa zilipozimika kabisa, mkono wake ulilichukua lile koti, ukaliweka mapajani, na Ntare akasogea. Hakuna aliyewaona wakiingia pamoja wala wakitoka pamoja. Filamu ikiwa mbaya walicheka. Ikiwa nzuri hawakuiona.

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kunong'ona, na kwa Kiswahili, maana Kaze alikulia Bujumbura na Ntare alikulia Mwanza, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo kati yao hakuna aliyekuwa mgeni ndani yake.

Mwezi huu Sangwa, mwenye sinema, alibadilisha mambo. Viti vilipigwa namba, tiketi zikahamia kwenye simu. Unafungua ramani ya ukumbi, unaona visanduku vya kijani vilivyo wazi na vya kijivu vilivyochukuliwa, unagusa unachokitaka, na kiti kinakuwa chako hata ukifika umechelewa. Jumatano Ntare alimtumia Kaze tiketi yake. D6. Chini yake aliandika, "Sasa hutakimbia tena, mpenzi."

Lakini Kaze hakuja kwa sababu ya filamu. Wiki tatu zilizopita Ntare alimwahidi kwamba leo, ana kwa ana, atamtajia siku ambayo wazee wa kwao watafika nyumbani kwa kina Kaze, Gikondo, kufanya kile ambacho Wanyarwanda wanakiita *gufata irembo*: kusimama mlangoni mwa watu na kusema, tumemwona msichana hapa, tunaomba tusiwe wageni tena. Mama yake Kaze alikwisha fua vitambaa vyote vya viti. Baba yake mdogo, Melchior, ambaye ndiye msemaji wa familia tangu baba afariki, angekuja kesho kutoka Gahanga baada ya misa, kuisikia hiyo siku na kuanza kupanga watu wake.

Kaze alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa amemwambia mama yake, "Jumamosi nitakuletea tarehe."

Alikiona kiti chake, akakaa, na bila kufikiri akatandika koti kwenye D7.

"Dada, koti itoke hapo," alisema mhudumu aliyepita na tochi. "Siku hizi kila kiti iko na mwenyewe."

"Najua. Mwenyewe ndiye ninayemngoja."

"Basi sawa," akacheka mhudumu. "Akichelewa mwambie tochi yangu itamtafuta."

Ntare aliingia taa zikiwa bado zinawaka. Shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili, kama alivyopenda Kaze. Aliipita safu ya C, akaingia D, akaja moja kwa moja, na Kaze akanyoosha mkono kuondoa koti. Ntare akalipita koti. Akakaa D8.

"Umekosea kiti," Kaze alinong'ona bila kugeuza uso.

"Sijakosea. Changu ni nane."

"Na saba?"

"Nimeiacha, kama siku zote." Alitabasamu akitazama mbele. "Nani atanunua kiti kimoja katikati ya watu? Taa zikizimwa nasogea."

Kaze naye akacheka, kidogo, na kwa kuchelewa.

"Umekuja na tarehe?" akauliza.

"Tutazungumza."

"Ntare."

"Tutazungumza, nimekwambia. Acha kwanza nikutazame. Umesuka?"

"Usibadilishe maneno. Nimesuka tangu Jumanne."

"Jumanne sikukuona."

"Hata leo hunitazami. Unatazama tangazo la sabuni."

Ntare aligeuka, akamtazama. Alikuwa na macho ambayo Kaze hakuwahi kuyazoea, macho ya mtu anayesikiliza hata wakati hakuna anayezungumza. Mara ya kwanza alipoingia dukani kupimwa, Kaze aliyaangalia kupitia mashine muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na kisha akalazimika kumwambia kwamba hahitaji miwani. Ntare alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama ana uhakika.

"Mwihangane, wanangu. Samahani."

Mama mmoja wa makamo alikuwa anajipenyeza katika safu, amevaa kitenge kipya, mfuko wa karanga kifuani. Alifika kati yao, akasimama, akaielekeza simu kwenye mwanga.

"Hapa iko D saba?"

Ntare alibaki kutazama skrini. Kisha Kaze akasema, "Ndiyo, mama," akachukua koti lake.

"Asante. Mimi ni Générose, natoka Gisenyi, niko nimekuja kuona wajukuu." Alikaa kwa kishindo, akapumua. "Mtoto yangu ndiye alininunulia na simu. Alisema, mama, sinema yote imejaa, inabaki kiti moja tu. Watu yote wamekaa mbili mbili. Mungu ameniwekea hii."

"Karibu, mama," alisema Kaze.

Générose akatazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa mtu mzima, aliwahi kuona vijana. "Lakini nyinyi muko pamoja? Mimi naweza sogea. Moja akuje hapa, mimi nakwenda huko. Mimi sina shida, filamu ni ile ile."

Kaze alimtazama Ntare juu ya kilemba cha yule mama. Lilikuwa jambo dogo tu. Neno moja, na watu wawili kuinuka.

Ntare alikuwa amegeuzia uso nyuma ya ukumbi. Safu tatu nyuma yao, msichana mwenye gauni la njano alikuwa anasogeza mkoba ili akae. Kaze hakumjua. Aliona tu jinsi mabega ya Ntare yalivyoshuka, kama ya mwanafunzi anayeogopa kuulizwa.

"Hapana, mama," alisema Ntare kwa sauti ya adabu. "Kaeni tu. Hatuko pamoja."

"Ah. Basi niwie radhi."

Taa zikazimika.

Ilikuwa filamu ya harusi, ya kuchekesha, na ukumbi ulicheka tangu mwanzo. Générose alicheka kuliko wote. Alipiga paja. Alimnong'oneza Kaze mambo ambayo Kaze aliyaona mwenyewe kwenye skrini. "Angalia, huyu dada ya bwana harusi hapendi keki. Angalia, anaificha." Kisha akafungua mfuko wa karanga, akauweka mapajani, akawakaribisha wote wawili, huyu wa kushoto na huyu wa kulia, kama watoto wake.

Kaze alipeleka mkono gizani ili asimvunje moyo. Ndani ya mfuko vidole vyake viligusa vidole vya Ntare. Alivijua mara moja, hata ukucha wa kidole gumba uliopasuka. Ntare akautoa mkono wake upesi, mtupu.

Simu ya Kaze ikatetemeka. *Trinah yuko nyuma yetu, safu ya G. Binamu yangu yule anayekaa nyumbani kwa mama. Pole mpenzi. Nitakueleza.*

Kaze aliigeuza simu kifudifudi.

Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Kazi ya miwani ilimfundisha hivyo: mtu akisema haoni, humpi kioo cha kwanza unachokishika, unajaribu hiki, unajaribu kile, unamuuliza tena. Kwa hiyo alijaribu. Alijiambia kwamba Ntare ameshtuka, na mtu aliyeshtuka husema lolote. Alijiambia kwamba hata yeye mwenyewe ametandika koti kwa miaka mitatu, hakuna aliyemlazimisha, na kwamba mara nyingine aliona raha kuwa siri ya mtu. Yote hayo yalikuwa kweli.

Lakini Jumatano ilikuwa inamrudia.

Jumatano jioni, baada ya kupata tiketi, aliifungua ile ramani ya viti mwenyewe, kwa udadisi tu. Ukumbi mzima ulikuwa kijani. Safu ya D ilikuwa na visanduku viwili tu vya kijivu, na hakuvizingatia, alidhani kimoja ni cha mtu mwingine. Sasa aliviona vizuri, kwenye giza, kuliko alivyoiona filamu. Sita kijivu. Saba kijani. Nane kijivu. Kidole cha Ntare kiligusa sita, kikaruka saba, kikagusa nane. Hapakuwa na foleni nyuma yake. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Trinah alikuwa hata hajafikiria sinema.

Bibi harusi kwenye skrini aliteleza, ukumbi ukaangua kicheko, na Générose akamshika Kaze mkono. "Maskini," alisema, huku anafuta machozi ya kucheka. Kisha akamtazama tena, akauacha mkono wake pale pale juu ya mkono wa Kaze mpaka mwisho wa filamu.

* * *

Walikutana kwenye ukumbi wa nje wa ghorofa ya tatu, penye ukuta mfupi wa kuegemea. Chini magari yalikuwa yanatoka maegeshoni moja moja. Ilikuwa saa kumi na nusu, mvua ilikuwa imenyesha wakiwa ndani, na mbali upande wa kusini mlima Rebero ulikuwa umeoga, mabati yake yanametameta. Nyumba ya mama yake Ntare ilikuwa huko. Kaze hakuwahi kuijua ila kwa namna hii, kwa kuonyeshwa kwa kidole.

"Nilingoja atoke kwanza," alisema Ntare. "Nadhani ameshuka. Kaze, nisamehe. Nilipomwona Trinah nilipotea kabisa."

"Trinah alikuja leo."

"Ndiyo. Sikujua kama atakuja."

"Jumatano alikuwa wapi?"

"Jumatano?"

"Siku uliyonunua tiketi. Trinah alikuwa wapi?"

Ntare alifikiri. "Sijui. Kazini."

"Na mama yako?"

"Nyumbani. Kwa nini?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa ofisini. Saa ya chakula. Kaze, unauliza kama polisi."

"Nauliza taratibu ili nisikuonee. Ulikuwa ofisini, saa ya chakula, peke yako na simu. Ukumbi wote mtupu. Hakuna mtu anayekutazama. Na ukaacha kiti."

Ntare alikuwa na haya, na Kaze aliona kwamba ni haya ya kweli, ya mtu ambaye hakuwa amelifikiria jambo hilo mpaka sasa.

"Ni mazoea," alisema mwishowe. "Wallahi sikufikiri. Mkono wenyewe tu."

"Naamini."

"Basi?"

"Basi hiyo ndiyo inayoniuma. Ungekuwa umefikiri, ningekubembeleza ufikiri upya. Sasa mkono wenyewe tu, nitaubembelezaje?"

Kijana na msichana walipita nyuma yao wakigombania bisi zilizobaki kwenye kopo.

"Nipe tarehe," alisema Kaze. "Tuyaache ya viti. Nipe tarehe, nami nitamnunulia yule mama wa Gisenyi karanga za mwaka mzima."

Ntare alitazama chini kwenye maegesho.

"Umemwambia mama?" aliuliza Kaze.

"Nilikuwa karibu."

"Karibu wapi?"

"Jumapili iliyopita. Tulikuwa mezani. Nilikuwa nimeshaanza. Halafu simu ikaja kutoka Ubelgiji, ikakatika kabla hatujapokea, na mama akainuka akaenda kukaa chumbani. Unajua habari za kaka yangu."

Kaze alizijua. Kaka yake Ntare alioa msichana aliyekulia Bujumbura, harusi kubwa, na baada ya miaka sita yule mke aliondoka na watoto wawili akaenda Ubelgiji. Mama yake Ntare hakuwaona wajukuu wake tena ila kwenye simu, nao hawakujua lugha ya kuzungumza naye. Tangu hapo, mtu yeyote akitaja watu wa Bujumbura pale mezani, mama aliinuka.

"Mimi siendi Ubelgiji," alisema Kaze.

"Najua."

"Sina hata pasipoti."

"Najua, Kaze."

"Wewe unajua. Yeye atajuaje kama hakuna anayemwambia? Miaka mitatu, Ntare. Mama yangu anajua unapenda pilipili. Anajua una ukucha uliopasuka. Mama yako hajui hata naitwa nani."

"Nipe mpaka Desemba. Kaka anakuja Desemba, tutakaa naye, nyumba itakuwa na furaha. Nitasema Krismasi."

"Mwezi wa pili ulisema Pasaka."

"Pasaka mama alikuwa mgonjwa."

"Pasaka ikawa Agosti."

"Kaze, yule ni mama yangu. Alitulea wanne peke yake kule Mwanza, anatandaza vitenge vya kuuza chini kwenye vumbi. Siwezi kumwambia neno litakalomwumiza kama vile nasema naenda dukani."

"Na kesho baba mdogo Melchior anatoka Gahanga. Atavaa koti la harusi za watu. Atakaa kwenye kiti, atasema, haya, binti, lini? Mimi nimwambie nini?"

"Mwambie Desemba."

"Desemba tarehe ngapi?"

Ntare alianza kukwangua ukuta kwa ukucha.

"Kumbe uko huku!"

Gauni la njano lilikuwa linakuja kutoka upande wa vyoo, mikono bado inakung'uta maji. Trinah alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano hivi, mchangamfu, wa aina ya watu wanaosalimia kwanza na kufikiri baadaye. Alimtazama Ntare, akamtazama Kaze, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ntare, hata kunisalimia? Nilikuona kule ndani umekaa kama padri. Nikasema, leo binamu yangu amekuja kutubu." Akamgeukia Kaze, akampa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. "Habari, dada."

"Nzuri."

Wote wawili wakamngoja Ntare. Kaze alihesabu pumzi zake. Moyoni alimsaidia, kama unavyomsaidia mtoto anayejifunza kusoma, unayataka yale maneno kabla yake. Huyu ni Kaze. Huyu ni wangu. Hata moja tu kati ya hayo.

"Huyu ni Kaze," alisema Ntare. "Tunafahamiana."

Trinah alicheka, si kwa ubaya. "Mnafahamiana. Sawa." Kisha akaona uso wa Kaze, na kicheko kikamwishia. "Ah, Ntare. Wewe mwanamume wewe. Bado tu?"

"Bado nini?"

"Unadhani kuna mtu pale nyumbani asiyejua? Shangazi anajua tangu mwaka jana. Kuna mtu wa kanisani aliwaona mkishuka ngazi hizi hizi, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama wezi wa kuku. Hata jina anajua. Kaze wa duka la miwani, mama yake anakaa Gikondo."

Ntare alishika ukuta. "Mama anajua?"

"Anajua."

"Na amesema nini?"

Trinah alitazama pembeni. Alionekana kama mtu anayetamani angeshuka ngazi mapema.

"Sema, mdogo wangu," alisema Kaze. "Tafadhali. Mimi ndiye ninayehusika."

"Mwanzoni alilia, kwa sababu ya yale ya Ubelgiji. Halafu akanyamaza. Halafu akawa anangoja. Kila Jumapili anapika vizuri, anakaa, anamtazama Ntare, anangoja aseme. Ntare anakula, anashukuru, anaondoka." Trinah alisugua mikono yake ambayo ilikwisha kauka. "Mwezi uliopita nilimuuliza, shangazi, yule dada wa miwani je? Akasema, yule si kitu. Angekuwa kitu, mwanangu angemtaja."

Chini, mlinzi wa maegesho alikuwa anaita gari lirudi nyuma, njoo, njoo, njoo, simama.

"Naomba mnisamehe," alisema Trinah. "Nilidhani mnajua." Akamgusa Kaze begani, akaenda zake kwenye ngazi, na viatu vyake vilisikika mpaka ghorofa ya chini.

Ntare alikuwa amebadilika. Uso ulimfunguka kama wa mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa aliouogopa hakuwa nao. Alimshika Kaze mikono yote miwili, hapo hapo mbele ya watu, kwa mara ya kwanza.

"Umesikia? Anajua. Hakukataa, Kaze. Alikuwa ananingoja. Twende. Twende sasa hivi Rebero, nitamwambia wewe ukiwa umesimama hapo. Nitasema kila kitu. Tarehe utaipata leo leo."

Kaze aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya Ntare. Kwa miaka mitatu alikuwa ameitaka mikono hiyo kwenye mwanga. Ilikuwa na joto. Ilikuwa mizuri vilevile.

"Mama yako yuko sahihi," alisema.

"Sahihi kwa nini?"

"Hajanichukia. Amekutazama wewe tu, Jumapili kwa Jumapili, akajua bei yangu kutokana na mdomo wako. Mimi ningekuwa mama yako ningefikiri hivyo hivyo."

"Lakini sasa nitasema."

"Sasa unajua hakuna cha kuogopa."

"Hilo si jambo zuri?"

"Ni zuri. Kwa atakayekuja baada yangu litakuwa zuri sana." Alimtazama usoni. "Ntare, mimi nilikuwa nangoja mtu atakayenitaja akiwa anaogopa. Mara moja tu. Leo ulipata nafasi mbili. Ya kwanza ulisema hatuko pamoja. Ya pili ulisema tunafahamiana. Ningeenda Rebero sasa hivi, ningekaa kwenye kile kiti cha mkwe miaka arobaini, na kila siku ningekuwa najiuliza, siku mambo yakiwa magumu, huyu atasema mimi ni nani."

"Usiniache kwa sababu ya kiti."

"Sikuachi kwa sababu ya kiti."

"Nitabadilika."

"Naamini. Wewe si mtu mbaya. Ungekuwa mbaya ningekuwa nimeshaondoka zamani, nikaolewa na mtu mwingine."

Alitoa mikono yake polepole, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Ntare alilia. Alilia kwa kimya, kama alivyofanya mambo yote, na Kaze akamwacha alie bila kumfuta, ingawa vidole vilimwasha. Kisha akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akashuka ngazi. Ntare hakumfuata. Watu walikuwa wanapanda kwa ajili ya filamu ya saa kumi na moja.

* * *

Pikipiki ilimshusha Gikondo, nyuma ya maghala, jua likiwa bado kwenye vilele. Mama yake, Mukankusi, alikuwa barazani na pasi ya mkaa, anavinyoosha vile vitambaa vya viti. Alikuwa amebakiza kimoja.

"Umerudi mapema," alisema bila kuinua kichwa. "Wamesema lini?"

Kaze alivua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango.

"Hawaji, maman."

Pasi ilisimama. "Hawaji mwezi huu, au hawaji?"

"Hawaji."

"Wamekukataa? Kwa sababu ya Bujumbura?"

"Hakuna aliyenikataa. Hakuna aliyeulizwa."

Mukankusi aliinua pasi, akaiweka kwenye tofali, akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikikunja kile kitambaa kilichokuwa bado na makunyanzi upande mmoja, akakiweka juu ya vingine, akatoa simu kwenye mfuko wa kitenge.

"Melchior lazima aambiwe," alisema. "Ameshaazima gari la jirani. Nimwambie mimi?"

"Hapana. Nipe."

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa, kama vile mtu alikuwa ameishikilia.

"Eh, bibi harusi," alisema Melchior. Nyuma yake zilisikika sauti za watu, na mtu mmoja anacheka. "Nilijua ni wewe. Nimekaa hapa na wazee wawili, nimewaambia kesho waje nami, mmoja anajua kuzungumza kuliko mimi, atawachezesha hao wa Mwanza mpaka waombe maji. Haya, niambie. Tarehe ngapi?"

Kaze alikaa kwenye ngazi ya baraza. Aliyaandaa maneno njia nzima juu ya pikipiki, yakiwa yamepangwa vizuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa hakuliona hata moja.

"Binti? Upo?"

"Nipo, baba mdogo."

"Nije na hawa wazee saa ngapi?"

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwake.

"Njoo peke yako," alisema Kaze.

Zile sauti za nyuma ya simu ziliendelea kucheka kidogo, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza.